Geji Isiyopanda

3 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Huku sote wazima, ingawa "sote" siku hizi ni neno kubwa. Mama yuko kwa dada tangu Novemba, analea mjukuu, na anasema hewa ya kule inamfaa kifua chake. Nyumba nimebaki nayo mimi. Kitanda nimekihamishia kwenye chumba cha nyuma ya gereji, kile kilichokuwa stoo ya mataili, maana niliona nazunguka nyumba nzima bila kukuta mtu. Gereji yenyewe imefungwa tangu msiba wa baba. Hukuja msibani. Sikuandikii kwa ajili ya hilo.

Nimekupigia simu mara sita, tarehe zote ninazo kwenye daftari langu. Inaita tu. Ndiyo maana nimekwenda kununua stempu.

Shida yangu ni pikapu ya baba. Tangu Desemba naisambazia mikate. Mwenye kiwanda ananipimia lita arobaini za petroli kwa wiki, na mzunguko wangu kwa wiki ni kilomita mia tatu na thelathini. Ijumaa tanki huwa jeupe. Baba alikuwa akijisifu kwamba gari hili linakula lita kumi na moja kwa kilomita mia. Nimelipima wiki saba mfululizo: linakula kumi na tano nukta sita. Asubuhi linatoa moshi mweusi, na harufu ya petroli inaingia mpaka kwenye mikate. Mama mmoja wa duka aliniuliza kama siku hizi tunakandia unga kwa petroli. Alikuwa anatania, lakini alirudisha kreti mbili.

Mwenye kiwanda amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Gari litosheke na lita zake, la sivyo kazi ataipa bajaji mbili. Fundi wa njiapanda, yule tunayemwita Kompyuta kwa kuwa hafungui boneti mpaka achomeke mashine yake, anasema nibadilishe sensa ya ekzosi, kile kihisio cha moshi. Kabla sijafanya hivyo nimekukumbuka wewe. Baba aliwahi kusema, mara moja tu, kwamba hajaona masikio ya injini kama yako.

Mwanao,
Karani


21 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia tarehe 18. Simu inataka jibu mtu akiwa bado amesimama; barua inaningoja nikae. Wewe andika tu.

Mimi nipo. Chumba ni kile kile, dirisha moja na linatazama ukuta. Kiwanda cha sare kimeongeza cherehani, sasa ni sitini na mbili, na zikigoma mimi ndiye ninayezifungua. Wasichana wananiita Bibi Mafuta kwa sababu ya kopo langu la mafuta. Wananipenda. Hakuna anayejua kwamba nimewahi kushusha injini.

Nafurahi mama yako kapata mjukuu wa kumchosha.

Sasa gari. Mashine ya Kompyuta inakwambia mafuta yamezidi hewa. Hilo pua yako ilishakwambia bure. Sensa inalalamika, lakini anayepiga kelele nyumba ikiungua si lazima awe ndiye aliyewasha moto. Usinunue kitu. Nijibu kwanza kwa namba, kama ulivyo: plagi zina rangi gani, chujio la hewa lina umri gani, upepo wa mataili, ukitoka kuendesha, gurudumu gani lina joto kuliko mengine, asubuhi linawaka kwa mara ngapi, likiwa limesimama linatetemeka au limetulia, joto la injini likoje, na unazima gari mara ngapi kwa safari moja. Usinipambie.

Alichosema kaka kuhusu masikio yangu, alisema lini?

Shangazi yako


9 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliipata juzi. Mama anakusalimu, au angekusalimu kama ningemwambia nimekuandikia.

Moja, plagi zote nne ni nyeusi kama masizi ya sufuria, kavu, zinachafua kidole. Mbili, chujio jipya, nililiweka tarehe 14 Januari. Tatu, upepo sawa magurudumu yote. Nne, la nyuma kulia lina joto kuliko wenzake. Tano, linawaka kwa mara ya kwanza. Sita, linatetemeka kidogo likisimama. Saba, joto: hakuna tatizo. Nane, nazima gari mara ishirini na tatu kwa mzunguko mmoja, duka kwa duka.

Uliuliza baba alisema lini. Ni tarehe 2 Aprili, mwaka mmoja kabla hajafa. Tulikuwa tunakunywa chai. Gari fulani lilipita nje likikohoa, akalisema hilo, kisha akaomba sukari. Nimenakili kutoka kwenye daftari.

Sasa chai nakunywa kwenye benchi la kulia. La kushoto, lililokuwa lako, limejaa makopo ya rangi. Watu wa mtaani wakiniona asubuhi huniuliza mkate upo, nawajibu upo, na hayo huwa ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima.

Mwanao,
Karani


28 Machi

Karani,

Salamu zako nimezipokea, na hizo za mama yako za kukisia pia.

Gurudumu la nyuma kulia breki yake inakamata. Ifungue, safisha, paka grisi. Utapata nusu lita hapo, usitegemee zaidi. La saba umelijibu kwa maneno matatu tu, lakini ukisema joto halina tatizo, naliacha.

Kinachobaki ni mafuta yanayoingia bila kuitwa. Ng'oa nozeli zote nne zinazopulizia petroli, zisafishwe, kisha uzitazame zikiwa na presha: isidondoke hata moja. Halafu chomoa kale kampira kembamba kanakotoka kwenye kidhibiti cha presha ya petroli. Kakiwa na petroli ndani, tumempata mwizi.

Yale makopo ya rangi hayakuwapo wakati wangu.

Shangazi yako


17 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini cherehani zako zina adabu. Dada ameandika kwamba mtoto ameota jino.

Nimefanya yote. Breki ilikuwa imekamata kweli. Sasa gari linakula kumi na tano nukta moja, kwa hiyo nusu lita yako imetimia kama ulivyosema. Nozeli zimesafishwa, nimezikodolea macho dakika kumi na tano, hazidondoshi. Kampira ni kakavu. Plagi nilizisafisha Jumatatu, Alhamisi zikawa nyeusi tena. Mwizi bado yumo ndani ya nyumba.

Kompyuta amepita hapa akacheka. "Bado unatibiwa kwa posta? Huyo shangazi yako apime na presha yako kwa bahasha." Nikamwambia shangazi yangu hajawahi kuniuzia sensa. Akaniita mbishi kama marehemu.

Kitu kimoja tu kwenye gari hili hakinipi wasiwasi, nacho ni geji ya joto. Haipandi. Haijawahi kuvuka alama ya kwanza, hata kwenye ule mlima mrefu nikiwa na kreti arobaini. Baba alikuwa akisema gari la baridi ni gari zima. Asubuhi huwa naiambia, "Lala hapo hapo mama, usiamke." Ukishaanza kuongea na geji ujue umekaa peke yako siku nyingi.

Nielekeze pa kutafuta. Agosti inakuja.

Mwanao,
Karani


20 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu, na leo ni siku ya thelathini na tatu. Kama ni posta, basi hii itafika pamoja na ile. Kama ni mimi nimekosea, nimeisoma upya nakala ya barua yangu na sijaona kosa. Kama unaumwa, mwambie mmoja wa wale wasichana aniandikie hata neno moja.

Karani


12 Juni

Karani,

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza ilifika tarehe 30 Aprili. Sikuwa mgonjwa. Mpongeze mtoto kwa jino lake.

Injini ya namna hii hujipima joto yenyewe. Ikijiona baridi huongeza mafuta, kama mtu anavyoongeza blanketi. Ikishapata moto inapaswa kuacha. Yako haijawahi kupata moto. Kwake ni alfajiri tangu unapowasha mpaka unapozima, na inakunywa kwa kipimo cha alfajiri. Geji isiyopanda si afya, mwanangu. Nilikuuliza joto nikitarajia namba, wewe ukanipa sifa. Lakini hukudanganya. Umelelewa hivyo.

Fanya hivi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe, ushike bomba la juu la rejeta. Bomba hilo linatakiwa likae baridi dakika kadhaa, halafu ghafla liwe moto. Kuna kilango kidogo cha shaba, themostati, kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipashe. Kama bomba linaanza kuwa vuguvugu mara tu unapowasha, kilango hakipo. Boliti ni mbili, namba kumi na mbili. Fungua uone.

Nilijua uliposema haipandi. Nilimjua pia aliyekitoa. Ndiyo maana sikuandika.

Shangazi yako


29 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba huumwi.

Bomba lilianza kuwa vuguvugu kabla sijahesabu hadi sitini. Nimefungua. Ndani patupu, na pamefanya kutu ya zamani. Kilitolewa miaka mingi iliyopita.

Nimetafuta daftari langu la mwaka ule wa kuondoka kwako, la kwanza kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya lori la mbao nimeandika mistari miwili tu: "Lori limekufa injini. Shangazi ameondoka na hakuchukua kikombe chake." Hayo mengine sikuandika, lakini nayakumbuka, nilikuwa mlangoni na begi la shule. Lori ulikuwa umelifunga themostati mpya jana yake. Likachemka njiani mpaka injini ikashika. Mwenye lori alikuwa anafoka, na baba akasema mbele ya mafundi wote, "Ni kile kilango cha dada yangu. Ameniulia injini ya watu. Kuanzia leo hakuna gari litakalotoka hapa nacho." Wewe ukasema kilango ni kizima. Ukasema mara moja. Kisha ukaweka spana chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Mwenye duka la vipuri anasema kipya kitachukua wiki sita. Lakini, Shangazi, hata kingekuwepo leo, sijui kama ningekifunga. Nisamehe. Likichemka barabarani na mikate nyuma nitakuwa nimepoteza gari na kazi kwa siku moja. Naogopa.

Karani


15 Julai

Karani,

Umeandika "naogopa", ukasingizia mikate. Unaogopa kwamba baba yako alisema kweli.

Sitakubishia. Nilishabisha mara moja mbele ya watu kumi na mmoja. Ulikuwepo, ukaona ilivyonisaidia.

Kaka yangu hakuwahi kutupa kitu. Rafu ya juu, nyuma ya mikanda ya feni, palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga. Kila alichotoa kwenye gari alikifunga waya na lebo. Tafuta cha pikapu. Kitumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, uwe na kipimajoto, utazame kinafunguka kwenye joto gani. Usiniamini mimi, wala usimwamini yeye. Tazama maji.

Shangazi yako


8 Agosti

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, zote zimo kwenye kopo.

Kopo lilikuwa palepale. Mna themostati ishirini na saba, kila moja na waya wake, tarehe na jina la gari, kwa mwandiko wa baba ule wa kuinamia kushoto. Nilidhani mimi ndiye karani wa ukoo huu. Nimeazima kipimajoto cha kiwandani cha kupimia maji ya kukandia unga. Kilango cha pikapu kilikaa kimya mpaka themanini na mbili, kisha kikaanza kufunguka kama jicho la mtu anayeamka. Nilipozima jiko kikajifunga. Nimekifunga kwenye gari na gasketi niliyoikata kwa mkasi.

Siku ya kwanza geji ilipoanza kupanda nilisimama barabarani mara tatu, nikafungua boneti nikitegemea mvuke. Hapakuwa na kitu. Ilifika katikati ikakaa. Tangu hapo nimepima wiki mbili: kumi na moja nukta moja, lita thelathini na saba kwa wiki. Mwenye kiwanda hakuamini. Alichovya kijiti tankini kwa mkono wake, akakitazama, akasema, "Bajaji wasubiri." Plagi zimekuwa na rangi ya kahawia. Kompyuta kaja kunusa ekzosi, kaondoka bila utani.

Nililotaka kukwambia ni jingine.

Chini kabisa ya kopo ilikuwepo ile ya lori la mbao. Lebo yake ina tarehe ya Alhamisi, siku mbili baada ya wewe kuondoka. Nanakili neno kwa neno: "Lori la mbao. Nimechemsha mara tatu. Inafungua 79. Nzima. Klempu ya bomba la chini niliikaza mimi." Maneno yameishia hapo. Maji ya lori yalimwagika njiani kwa klempu ile, kibano cha bomba ambacho hakikubana, Shangazi, na yeye alijua Alhamisi. Lebo ya pikapu ni ya Ijumaa, kesho yake. Alishajua kilango si mkosaji, na bado akakitoa kwenye gari lake mwenyewe, kwa sababu alishasema mbele ya watu. Na baada ya hapo ishirini na tano nyingine, za magari ya watu. Miaka kumi na miwili amelinywesha gari petroli ya bure ili neno lake lisianguke.

Nimejaribu kumkasirikia. Nimekaa kwenye benchi la kulia na kopo mapajani nikijaribu. Namwona tu akipanda kwenye stuli peke yake kulirudisha juu, nyuma ya mikanda, mahali ambapo wewe tu ungekumbuka kutafuta.

Ile ya lori nakutumia pamoja na barua hii, lebo sijaigusa. Nimeifunga kwenye mfuko wa mkate, sikuwa na kingine. Makopo ya rangi nimeyatoa kwenye benchi lako. Kikombe kipo, mkono wake umevunjika kidogo, lakini kinashika chai.

Mwanao,
Karani


2 Septemba

Karani wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika kikinukia mkate. Mjumbe wa posta alidhani ni chakula, akaniuliza kama nitamgawia.

Nimesoma lebo. Mwandiko ni wake, namba tisa ile ya mkia mrefu haiigizwi. Jana kiwanda kilikuwa kimefungwa, nikatoa sufuria yangu ya chai nikakichemsha kilango. Sina kipimajoto. Kilifunguka. Nikaacha maji yapoe kikajifunga, nikawasha jiko tena. Nimefanya hivyo mara tano. Kwa kupima, mara moja ilitosha. Hizo nyingine nilikuwa nakitazama tu. Msichana wa chumba cha pili alichungulia akauliza, "Bibi Mafuta, unapika nini?" Nikamwambia ni kitu cha kaka yangu. Akauliza kama kimeiva. Nikacheka, halafu nikamwomba anifungie mlango.

Angeniandikia mstari mmoja. Stempu zilikuwepo. Lakini na mimi nilikuwa na mikono, na sikuwahi kuuliza kopo lina nini. Hilo liandike kwenye daftari lako, lisikae upande mmoja tu.

Msibani sikuja kwa sababu nilidhani mafundi wale wangenitazama kama mwuaji wa injini aliyekuja kumzika aliyemfukuza. Ulisema hukuniandikia kwa ajili ya hilo, sasa nimekujibu.

Geji ikikaa katikati usiishangilie, ndipo mahali pake. Ikivuka, simama, usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Magari ya zile lebo ishirini na tano, orodhesha yapi bado yanatembea humo mtaani. Uliza kwa upole, usimtaje baba yako. Sema tu kuna fundi anayezirudisha themostati.

Kikombe usikitengeneze mkono, utakivunja kabisa. Benchi langu lipanguse vumbi, usiweke kitu juu yake. Spana niliyoiweka chini ilikuwa nyingine; ya namba kumi na mbili ninayo mwenyewe, niliondoka nayo mfukoni siku ile bila kujua.

Likizo ya kiwanda inaanza tarehe 14 Desemba. Basi linafika huko kesho yake jioni. Usije stendi. Nataka kusimama nje ya gereji nilisikie gari likija.

Shangazi yako